Gari la Mwisho la Wawili

Wateja walimwita Sentimita, na jina lilimkaa vizuri. Ukimpelekea gari hakukuuliza ulilinunua wapi wala limetembea kiasi gani. Alichuchumaa kando ya gurudumu, akapenyeza vidole kati ya tairi na ukingo wa bodi, akafumba jicho moja, akajikuna ndevu, kisha akakwambia, "Hapa tunatoa sentimita tatu. Ukitaka nne nitakupa, lakini ya nne ni ya sifa tu."

Kazi yake ilikuwa kushusha magari. Watu wenye magari ya kifahari walimjia kutoka mbali, kila mmoja akitaka gari lake likae chini, bodi iyafunike matairi kidogo, lipite barabarani watu wageuze shingo. Alijua kutoa springi ndefu na kuweka fupi, alijua shokapu ipi itavumilia na ipi itavuja kabla ya msimu kwisha. Lakini gari likishashushwa, magurudumu hayatazami tena yanakotakiwa kutazama. Mengine huinamia ndani, mengine huvuta upande, na usukani hukaa mshazari hata barabara ikiwa imenyooka. Ukiliacha hivyo, linatafuna matairi yake na kumchosha dereva mikono. Kuyarudisha magurudumu kwenye mstari, ile kazi mafundi wanayoiita alaimenti, ilikuwa ya mke wake.

Walikutana kwenye kazi hiyo hiyo, wakaoana kwenye kazi hiyo hiyo, na nyumba yao ilikuwa vyumba viwili nyuma ya gereji, mlango wa jikoni ukitazama lifti ya kunyanyulia magari. Mtoto wao aliyajua majina ya spana kabla ya kujua majina ya rangi. Walimwita Kamanda, kwa sababu tangu hajasimama sawasawa alikuwa akiwanyooshea watu wazima kidole na kuwaamuru wasogee, na watu wazima walisogea. Kwa hiyo mama akawa Mama Kamanda na baba akawa Baba Kamanda, hata wateja wakazoea.

Kamanda alizaliwa na moyo wenye tundu. Madaktari walisema wazazi wangoje akue kidogo ndipo afanyiwe upasuaji, wakangoja. Hakukua vya kutosha. Siku alipofariki hospitalini, mama yake alikuwa kando ya kitanda na baba yake alikuwa chini ya gari la mteja. Alipofika, akiwa bado na grisi mikononi, muuguzi alikuwa anabadilisha mashuka.

Baada ya msiba, watu hawakujua wamwite nani yule mama. Kumwita Mama Kamanda kulikuwa kama kumchoma sindano, na kutomwita hivyo kulikuwa kama kumfuta mtoto. Mwishowe wateja wakaangukia kwenye "Dada Fundi", wakahisi nafuu. Wao wawili wenyewe hawakuangukia popote. Waliacha kuitana kabisa. Mume akimhitaji mke alisema, "Samahani." Mke akimhitaji mume alisema, "Sikia." Chakula kilipikwa, kikaliwa, vyombo vikaoshwa, na maneno yaliyobaki nyumbani yakawa ya kazini tu: kaza, legeza, shusha, hapo hapo.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, mpaka asubuhi moja mke aliweka kikombe mezani, akasema bila kuketi, "Sikia. Dada yangu amenipatia kazi kule kwake."

"Kazi gani?"

"Ya alaimenti. Kwenye duka kubwa la matairi."

Sentimita aliangalia mlango wazi wa jikoni, na nje ya mlango mashine ya alaimenti ikiwa imefunikwa shuka lake. "Alaimenti si hii hapa?"

Mke alikisogeza kikombe mbele yake.

"Utarudi lini?"

"Sidhani kama nitarudi."

Sentimita alikunywa chai yake mpaka mwisho ingawa ilimuunguza. Kisha akatoka, akachukua jeki iliyokuwa safi, akaanza kuiosha.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa limeshapanda, ikaingia gerejini sedani nyeusi ndefu ya Kijerumani, inang'aa mpaka unaweza kunyolea mbele yake. Aliyeshuka alikuwa mfanyabiashara mnene mcheshi, viatu vyake vimechongoka mbele kama kalamu. Hakujitambulisha, lakini alimwita kila mtu bosi, kwa hiyo nao wakamwita Bosi.

"Bosi," alimwambia Sentimita, "nataka hili gari lilale. Sitaki karatasi ipite kati ya tairi na bodi. Nimeambiwa ni wewe tu." Akafungua buti, akaonyesha maboksi ya shokapu mpya zenye springi fupi, zile zenye pete ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke utakavyo.

Sentimita alizitazama, halafu akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. Kazi kama ile haifanywi na mtu mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

"Hili nitafanya na wewe," mke alisema kwa sauti ya chini. "Likiisha, naondoka."

Sentimita akaitikia kwa kichwa. Moyoni alijiambia kwamba gari likitoka vizuri sana, likitoka vizuri kuliko yote waliyowahi kuyagusa, pengine mwanamke huyu atasita. Hakuwa na sababu ya kuamini hivyo. Ila mtu aliyefikwa na maji shingoni hachagui cha kushika.

Akaanza kazi polepole. Alilipandisha gari kwenye lifti, akavua magurudumu, akapulizia dawa ya kutu kila boliti hata zile zisizokuwa na kutu. Alitoa springi ya zamani kwa kibanio, akiizungusha taratibu, maana springi iliyobanwa ikikuponyoka inaweza kukuvunja taya. Alisafisha kila kikalio cha springi kwa brashi ya meno. Fundi mpaka rangi wa jirani, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alipita akasimama.

"Sentimita, hilo gari unalishusha au unalibembeleza?"

"Kazi nzuri haina haraka."

"Juzi tu ulikuwa unamaliza mawili kabla ya chakula cha mchana. Leo umemuogesha huyu kama bibi harusi."

Sentimita hakucheka. Mpaka rangi akamtazama usoni, akaona alichokiona, akaondoka bila kuongeza neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mke naye alikuwa anapanga vitu vyake. Alifanya hivyo mchana, bila kificho, nguo kwanza, halafu vyombo vichache alivyokuja navyo alipoolewa. Kila alipopita na mzigo mlangoni, Sentimita aliusikia mlango ukilia bawaba, naye akakaza boliti ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Shokapu mpya zilipoingia zote, mke alikuja kusimama chini ya gari, akainua macho. "Mikono ya chini hujaikaza?"

"Bado. Nangoja likae kwa miguu yake."

"Vizuri," alisema. Ukiikaza mikono ile, vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwa chini, gari likiwa linaning'inia, raba zake zinabaki zimejisokota siku gari linapobeba uzito, na hazidumu. Yeye ndiye aliyemfundisha mumewe jambo hilo, zamani, siku waliyogombana kwa mara ya kwanza. Wote wawili walikumbuka, na kila mmoja akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Wakalishusha gari. Lilikaa chini kweli kweli. Bosi alipoitwa kuja kuona alipiga makofi, akachutama mara tatu, akapiga picha, akampigia simu mtu na kumwambia, "Limelala! Limelala fofofo!"

Lakini mke alikuwa ameshafunga vioo vya kupimia kwenye magurudumu, na namba kwenye skrini zilikuwa nyekundu upande wa nyuma. Alirekebisha alipoweza kurekebisha, mpaka skrubu zikafika mwisho. Bado nyekundu.

"Bosi," alisema, "nyuma hapa magurudumu yameinamia ndani sana, na sina tena pa kuyavuta. Inabidi tulinyanyue kidogo."

"Kulinyanyua? Dada Fundi, mimi nimekuja kulishusha!"

"Kidole kimoja tu."

"Hata ukucha sitaki."

Mke hakubishana. Alikwenda kwenye rundo la matairi mabovu, akarudi na moja akilibingirisha. Kwa nje lilikuwa zuri, kashata zake za kukanyagia lami zimejaa. "Weka mkono hapa ndani," alisema.

Bosi aliweka, akautoa haraka. Upande wa ndani tairi lilikuwa limelika mpaka nyaya zimetokeza. "Hili la nani?"

"La mtu aliyekataa kidole kimoja. Lilimpasukia kwenye kona, akiwa na familia."

"Wakapona?"

"Walipona. Gari halikupona."

Bosi alilitazama gari lake, akautazama mkono wake. Mzaha ukamtoka usoni. "Mimi nina mabinti wawili," alisema. "Nyanyueni." Kisha, kama mtoto anayejaribu bahati, "Lakini kidole cha mtu mwembamba."

Sentimita akazungusha pete, gari likapanda kiasi kile. Wakalitembeza uani mbele na nyuma ili springi zikae, na Sentimita akaikaza ile mikono ya chini. Mke akapima tena. Nyuma kukawa kijani. Ikabaki mbele.

Alaimenti ya mbele walikuwa wakiifanya kwa namna yao. Kifaa cha kushikilia usukani kilivunjika miaka mingi nyuma, na hawakununua kingine, kwa sababu mke alikaa kwenye kiti cha dereva akaushika usukani ukiwa umenyooka, akiangalia skrini iliyokuwa mbele ya kioo, na mume akawa chini akizungusha tairodi, kile chuma kinacholielekeza gurudumu kulia au kushoto. Hawakuonana. Walisikiana tu.

"Robo," mke alisema.

Spana ikalia chini yake.

"Robo tena. Tulia. Hapo umepita."

"Narudi."

"Rudi kidogo. Kidogo zaidi. Pumzi tu."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Funga."

Wakahamia upande wa pili. Sauti ya mke ilikuwa laini, kama ilivyokuwa zamani walipokuwa wakimlaza Kamanda na kuzungumza kwa kunong'ona asiamke. Sentimita alijikuta anazungusha spana vibaya makusudi, anapita alama ili aambiwe arudi. Mke aliliona hilo kwenye skrini mara ya kwanza. Mara ya pili aliliacha. Mara ya tatu akasema, "Inatosha sasa."

Namba zote zikawa kijani.

Kazi ya kushusha gari haijaisha mpaka uliendeshe, kwa hiyo wakalitoa barabarani jioni, mume akiendesha na mke kando yake. Walikwenda mpaka ile barabara ndefu inayopita maghala, isiyo na matuta wala magari mengi. Sentimita akashika mwendo wa wastani, kisha akaachia usukani, mikono yake ikiwa juu ya magoti. Gari likaenda. Halikuvuta kulia, halikuvuta kushoto. Lilipita kwenye viraka vya lami kama linapita kwenye zulia.

"Limenyooka," alisema.

"Limenyooka," mke akaitikia.

Wakaenda hivyo kwa muda. Sentimita akaurudisha mkono mmoja kwenye usukani, akalisema lile alilokuwa amelibeba.

"Unaondoka kwa sababu ya siku ile."

"Siku gani?"

"Unaijua. Siku niliyobaki gereji."

Mke aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi ndiye niliyekwambia ubaki. Ulinipigia simu unataka kuja, nikakwambia amelala, anapumua vizuri, malizia kazi. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini ningekuja tu."

"Ungekuja ungemkuta amelala. Aliondoka usingizini. Hata mimi niliyekuwa nimemshika mkono sikujua ni saa ngapi." Akaushika mkanda wa kiti. "Umekuwa ukidhani nakulaumu? Muda wote huu?"

"Sasa ningedhani nini? Huniangalii. Nikiingia chumbani unatoka. Nikikaa mezani unasimama."

Mke aliweka kiganja kwenye dashibodi, kama mtu anayetaka gari lisimame. "Egesha."

Aliegesha kando ya ukuta wa ghala, injini ikiwa inaunguruma polepole. Mke alikunjua kitambaa chake, akakikunja.

"Unafanana naye, Baba Kamanda," alisema.

Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya maziko. Sentimita alihisi jina lile likimpita kifuani kama baridi.

"Watu wote walisema hivyo," alijibu. "Tangu amezaliwa."

"Nisikilize. Ukitoka chini ya gari ukakunja uso kwa sababu ya mwanga, ni yeye akiamshwa asubuhi. Ukinuna, ni yeye. Ukilala ubavu, ukaweka mkono chini ya shavu, ni yeye yule yule. Na sasa umeanza kuota mvi, nakuangalia nawaza, kumbe angezeeka hivi. Namwona akiwa kijana, namwona akiwa mtu mzima, akiwa na miaka ambayo hakupewa. Kila siku namzika upya, halafu nakuwekea chai." Akajifuta macho. "Hujanikosea kitu. Ungekuwa umenikosea ningekusamehe, tukaendelea. Ila sina la kukusamehe. Ni uso wako tu."

Sentimita aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Niambie nifanye nini. Chochote. Nitafanya."

"Hakuna cha kufanya. Ndiyo maana sikukwambia. Nilijua nikikwambia utakwenda kutafuta spana."

Kicheko kilimtoka Sentimita bila kutaka, na mke naye akacheka, na kabla kicheko hakijaisha kilikuwa kimeshageuka. Walilia pale kando ya ukuta, kila mmoja kwenye kiti chake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kulia mahali pamoja. Hospitalini mke alilia na Sentimita alijikaza. Makaburini Sentimita alilia, mke akiwa ameshikwa na ndugu zake, hajui yuko wapi. Walipomaliza, mke alimpa kile kitambaa, naye akajifuta ndevu, wakarudi gerejini bila kuzungumza. Lakini ukimya huo haukuwa ule wa siku zote.

Asubuhi iliyofuata mke alikuwa jikoni akifunga kamba kwenye mzigo wake wa mwisho, akasikia nyayo, akasikia mtu akikohoa mlangoni kama mgeni.

"Na sasa?" Sentimita aliuliza.

Alikuwa amenyoa. Alizikata ndevu kwa mkasi wa kukatia gasketi, kisha akazimaliza kwa wembe, mbele ya kioo cha pembeni cha gari bovu lililokuwa uani. Alikuwa amejikata chini ya sikio, na damu ilikuwa imeganda. Mke wake hakuwahi kumwona bila ndevu. Alikuwa nazo tangu siku walipokutana, na alikuwa akisema ndizo zinazowafanya wateja wamwamini.

Alisimama pale akingoja, mikono imeshuka, macho yamejaa matumaini mpaka yanatia huruma.

Mke aliinuka taratibu. Ndevu zile zilikuwa zimeficha mashavu ya mviringo. Zilikuwa zimeficha kishimo katikati ya kidevu, kile kile ambacho alikuwa akikibusu kila alipomwogesha Kamanda, akijiuliza kimetoka kwenye ukoo upi. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Nimeibadilisha sura," Sentimita alisema. "Kidogo tu, lakini pengine..."

"Ewe mwanamume," mke alisema, machozi yakimtiririka na huku anacheka. "Umefanya nini? Sasa ndiyo umekuwa yeye kabisa."

Sentimita aligusa kidevu chake. Akakipapasa, akakipata kile kishimo, naye akaelewa. Alikaa chini kwenye kizingiti. Mke akaja akakaa kando yake, bega kwa bega, wote wakitazama nje, ili asilazimike kumwangalia. Wakakaa hivyo mpaka honi ikapigwa getini.

Bosi alikuwa amekuja kuchukua gari lake. Alilizunguka mara kadhaa, akaliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akashuka akitamba. "Niliachia mikono, bosi! Niliachia mikono likaenda lenyewe kama lina akili zake!" Alimkumbatia Sentimita, akasita. "Umenyoa? Umependeza, umekuwa kama mtoto." Kisha akamshika mke mkono kwa mikono yake miwili. "Nyinyi wawili ni timu. Nimezunguka gereji nyingi, sijaona. Nawaomba kitu kimoja tu, msije mkaachana."

"Asante, Bosi," mke alisema.

"Tumesikia," Sentimita alisema.

Gari jeusi likatoka getini chini chini, likapinda kona, likapotea.

Basi la mke lilikuwa la mchana. Sentimita alimbebea mizigo mpaka stendi. Alivaa kofia akaivuta mpaka kwenye nyusi, akaweka miwani myeusi aliyoiazima kwa mpaka rangi, na njia nzima alitembea nyuma ya mke wake hatua chache, kama mchukuzi. Watu waliwapita wakiwa na haraka zao. Stendi ilikuwa imejaa kelele za wapiga debe na moshi wa mabasi. Alimpandishia mizigo, akahakikisha imefungwa vizuri, akajaribu kamba mara mbili, kisha akasimama pembeni akitazama matairi ya basi.

"La mbele kulia linalika nje," alisema.

"Nimeliona."

"Mwambie dereva asikimbie."

"Nitamwambia."

Kondakta akaita. Mke aliweka mguu kwenye ngazi, akautoa. Akarudi mpaka alipokuwa amesimama mumewe, akamvua miwani, akamvua kofia. "Acha nikuangalie vizuri," alisema. "Mara moja tu."

Akamwangalia. Alianzia kwenye nywele, akashuka kwenye paji la uso, kwenye macho ambayo yalikuwa yanajitahidi kutopepesa, kwenye mashavu, kwenye kile kidonda cha wembe. Akaweka kidole gumba kwenye kishimo cha kidevu na kukiacha pale mpaka kondakta alipoita tena kwa ukali. Halafu akamrudishia kofia kichwani, akaiweka sawa, akapanda. Hakukaa upande wa dirisha.

Sentimita alirudi gerejini kwa miguu. Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyefungwa mkono mmoja. Alijifunza kutumia ile mashine peke yake, akitoka chini ya gari kwenda kusoma skrini, akirudi chini, akitoka tena. Magari yaliondoka yakiwa sawa, lakini yalichukua muda, na wateja wengine walikata tamaa wakaenda kwingine. Mpaka rangi alikuja kula naye mchana mara kwa mara, akajifunza hata kunyamaza. Ndevu ziliota tena. Hakuzitaka wala hakuzikataa.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya miezi. Mke alikuwa na gari linalofanana na lile la Bosi, nyuma limegoma kuingia kwenye kijani, na mafundi wa kule hawakumwelewa. Walizungumza habari ya skrubu na mikono ya nyuma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wiki iliyofuata akapiga tena, mara hii bila gari. Baada ya hapo wakawa wanapigiana, mara huyu, mara yule, jioni kazi zikiisha.

Siku moja Sentimita alipiga simu ya picha. Iliita, ikaita, ikakatika. Alibaki ameishika akiitazama kama ameivunja. Kisha ikaingia simu ya kawaida.

"Usinipigie ile ya kuonana," mke alisema.

"Nilibonyeza vibaya."

Hakuwa amebonyeza vibaya, na mke alijua. Hakumsuta. "Sauti naiweza," alisema taratibu. "Sauti yako ni yako mwenyewe. Haifanani na ya mtu."

Sentimita alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kilichokuwa kimeegemezwa ukutani. Hapo likamjia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

"Nilikwambia habari ya yule mteja wa tai?"

"Yupi?"

"Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Alikuja mtu mmoja, suti, tai, mkoba. Gari lake limekwisha kutengenezwa, anataka kuingia aondoke. Kamanda akamsimamisha mlangoni. Akamwambia, vua viatu, ndani nimefuta."

"Ndani ya gari la mwenyewe?"

"Ndani ya gari la mwenyewe. Na kidole kimenyooka, unakijua."

"Nakijua. Akafanyaje?"

"Akavua."

"Akavua kweli?"

"Akavua, akavipanga vizuri pembeni, akaingia, akaondoka. Viatu akavisahau. Kesho yake ndiyo akarudi kuvichukua, akamuuliza Kamanda kama anaruhusiwa."

Upande wa pili mke alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, na Sentimita alikisikia kinavyopanda, kinavyotetemeka, kinavyoshuka mpaka kikawa pumzi tu. Hakuna aliyekata simu.

"Hebu nisimulie tena," mke alisema. "Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Sentimita akaiegemeza simu vizuri kwenye sikio, akaanza upya, tangu yule mtu alipoingia getini, na safari hii akakumbuka hata rangi ya soksi.